Nyumba ambayo haikuuza herufi zake



Leo siandiki juu ya burse za masomo wala juu ya kutafuta kazi. Ninaandika juu ya nyumba moja ya mafundi niliyoitembelea Ubelgiji, mjini Antwerp, nilipokuwa kule kwa masomo ya miezi mitatu. Inaitwa Museum Plantin-Moretus. Lakini kabla sijawaingiza ndani, lazima niwaambie jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilisimama mbele ya sanduku la mbao nikashindwa kutembea.

Baba mkubwa wangu alikuwa fundi wa kupanga herufi. Alifanya kazi miaka mingi kwenye imprimeri moja ya misheni, kule kwetu kando ya ziwa Tanganyika. Imprimeri ilipofungwa, mishahara ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa. Badala ya pesa, kila fundi aliambiwa achukue vifaa. Yeye alichukua droo nne za herufi za risasi na kompostere yake, kile chuma cha mkononi cha kupangia herufi. Droo zikakaa chini ya kitanda chake miaka na miaka.

Mwaka 2009 nilikuwa nimekosa minervali. Baba mkubwa alikuwa amelazwa hospitalini. Nilizitoa zile droo usiku, nikazimwaga ndani ya mifuko miwili, nikawauzia watu wanaoyeyusha risasi kutengeneza vizito vya nyavu za wavuvi. Zilipimwa kwa kilo, kama mihogo. Nililipa minervali, nikafanya mitihani, nikapita. Ile diploma ninayojivunia, sehemu yake ni herufi za baba mkubwa zilizozama ziwani.

Aliporudi alitazama chini ya kitanda, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mutoto wangu, ulibakisha hata letre moja?" Sikubakisha.

Sasa twende Antwerp.

Nyumba yenyewe ni ya nani?

Christophe Plantin alikuwa Mfaransa, aliyezaliwa karibu na mji wa Tours yapata mwaka 1520. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na karibu mwaka 1549 akahamia Antwerp. Wakati ule Antwerp ilikuwa kama soko kuu la Ulaya: viungo vya India, sukari, vitambaa, shaba, vyote vilipita pale. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja watu walimvamia njiani wakidhani ni mtu mwingine, wakamjeruhi mkono vibaya, hata asiweze tena kazi nzito ya kujalidi. Ndipo alipogeukia kupiga chapa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1555.

Mambo hayakumnyokea. Mwaka 1562 wafanyakazi wake walipiga chapa kijitabu kilichokatazwa na Kanisa. Yeye alikuwa Paris, akaogopa kurudi, na vitu vyake vikauzwa kwa mnada. Mwaka uliofuata akarudi na kuanza upya. Mwaka 1576 akahamia katika nyumba iliyo kwenye uwanja wa Vrijdagmarkt, ile ile niliyoitembelea. Mwaka huo huo askari wa Uhispania waliokuwa hawajalipwa mishahara waliuvamia mji, wakaua na kupora. Plantin mwenyewe aliandika kwamba alilazimika kujikomboa kwa pesa mara tisa. Ninyi mnaotoka Uvira, Bukavu au Goma, hapo hamuhitaji maelezo.

Pamoja na hayo yote, alitoa vitabu zaidi ya 1,500 kabla ya kufa mwaka 1589. Alama ya nyumba ilikuwa bikari ya dhahabu, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa kazi na uthabiti": mguu mmoja wa bikari unazunguka, huo ndio kazi, mwingine umesimama palepale, huo ndio uthabiti. Mkwe wake Jan Moretus akarithi, na ukoo wa Moretus ukaendelea na kazi kwa karibu miaka 300.

Herufi inazaliwa namna gani?

Wengi wetu tunabonyeza simu na herufi inatokea. Pale nilielewa kwamba herufi zamani ilikuwa kitu cha kushika mkononi, na kuizaa kulihitaji mafundi wa aina tatu.

Wa kwanza alichukua kipande cha chuma cha pua na kuchonga herufi kwenye ncha yake, kinyumenyume, kwa patasi ndogo na tupa. Herufi moja iliweza kumla siku nzima. Wa pili alichukua kile chuma na kukigonga juu ya kipande cha shaba, kikaacha alama. Ile shaba sasa ndiyo tumbo la herufi. Wa tatu aliifunga ndani ya kalibu ya mkono, akamimina risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni. Ikapoa mara moja, akafungua, herufi ikadondoka. Kutoka shaba moja unapata "a" elfu moja, zote sawasawa.

Museum inatunza vyuma vya kuchonga karibu 5,000 na shaba zake karibu 20,000. Kati ya hizo kuna kazi ya Claude Garamond na ya Robert Granjon, mafundi wawili wa Ufaransa. Ukifungua kompyuta yako leo ukakuta mwandiko unaoitwa Garamond, ujue asili yake ni mikono ya mtu aliyekufa mwaka 1561. Huo mwandiko nilitumia kwenye mémoire yangu bila kujua ni jina la mtu.

Mimi nilisoma Lubumbashi, na nilipoziona zile shaba niliikumbuka museum ya pale, ile misalaba ya shaba ya Katanga ambayo wazee walikuwa wakiimimina kwenye kalibu za udongo na mchanga. Wazo ni lile lile: chonga umbo mara moja, mimina mara nyingi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ufundi wa kumimina ulikuja kwetu ndani ya meli.

Chumba cha kupanga

Baada ya kiwanja cha ndani, chenye bustani ndogo na mzabibu uliopanda ukutani, unaingia dukani, ambako kuna mizani ya kupimia sarafu na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha hiyo Plantin aliipiga chapa mwenyewe kwa amri ya wakubwa. Kisha unafika karakana yenyewe. Sakafu inalia chini ya viatu. Dirisha ni kubwa, maana taa zilikuwa mishumaa tu na karatasi zilikuwa nyingi.

Upande mmoja kuna masanduku ya mbao yaliyoinama kama meza za shule, kila moja limegawanywa vyumba vidogo. Kila chumba ni cha herufi moja. Herufi zinazotumika sana ziko karibu na mkono, zisizotumika ziko mbali. Fundi alisimama mbele yake, kompostere mkono wa kushoto, akichukua herufi moja moja kwa mkono wa kulia bila kuangalia. Alipanga maneno yakiwa yamepinduliwa, ili karatasi ikigusa yasomeke sawa. Ukurasa ukishaisha kupigwa, kila herufi ilirudishwa chumbani mwake, kwa sababu herufi zilikuwa mali ya thamani na ukurasa wa kesho ulizingojea.

Hapo ndipo miguu yangu ilipogoma. Droo zilikuwa za rangi ile ile. Vumbi lile lile la kijivu linaloshika vidole. Tofauti ni kwamba za hapa zilikuwa zimejaa.

Nilitoka nje kiwanjani nikampigia baba mkubwa simu ya video. Kwao ilikuwa jioni, mtandao ulikuwa unakatika. Nikamwomba mlinzi ruhusa ya kurudi ndani na simu, akakubali, mradi nisiwasumbue wengine. Nikaielekeza kamera kwenye mistari iliyopangwa.

Akanyamaza. Kisha akaanza kusoma. Kilatini hakijui, lakini alikuwa akitamka herufi moja baada ya nyingine, kutoka upande uliopinduliwa, haraka kuliko mimi ninavyosoma Kifaransa kilichonyooka. Mama mmoja mgeni alisimama kutusikiliza.

"Hiyo njo kompostere," akasema. "Ile yao ni ya mbao? Yetu ilikuwa chuma. Peleka simu juu. Hapana huko, juu! Angalia kase yao, *e* wameiweka katikati. Muzuri. Ni vile vile."

Nikampeleka kwenye presi. Ziko mbili pale za karibu mwaka 1600, zinazohesabiwa kuwa za zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Ni za mbao, ndefu kuliko mtu, zimefungwa kwenye dari ili zisiyumbe. Kila presi ilihitaji watu wawili. Mmoja alipaka wino kwa mipira miwili ya ngozi. Wino wenyewe ni masizi na mafuta ya mbegu za kitani. Mwingine aliweka karatasi iliyoloweshwa kidogo, akausukuma ubao chini ya presi, akauvuta mkono wa chuma kwa nguvu zote za mgongo. Kwa siku walitakiwa kumaliza karatasi 1,250, pande zote mbili. Hesabu mwenyewe: mivuto isiyopungua 2,500. Katika miaka ya 1570 nyumba hii ilikuwa na presi 16 zikifanya kazi pamoja.

"Wale bantu walikuwa na mugongo," baba mkubwa akasema. Simu ikakatika.

Mtu wa dirishani

Kuna chumba kingine kidogo ambacho kila msomi wetu angepaswa kukiona. Ni chumba cha wasahihishaji. Meza kubwa ya mwaloni, benchi, dirisha. Hapo walisoma ukurasa wa kwanza wa majaribio na kutafuta makosa. Kazi yenye sifa zaidi iliyopita mezani pale kwa Plantin ni Biblia ya lugha tano: Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiaramu na Kisiria. Ni mabuku manane makubwa, yaliyopigwa chapa kati ya 1568 na 1573 chini ya ulinzi wa mfalme Filipo wa pili wa Uhispania, ambaye kulipa alichelewa sana. Hata mabinti wa Plantin walisaidia. Katika barua moja baba yao alieleza kwamba tangu wakiwa wadogo walikuwa wakisoma karatasi za majaribio katika lugha mbalimbali. Mmoja wao, Magdalena, alizipeleka karatasi za Biblia ile kwa mwanachuoni aliyeisimamia.

Lakini mimi nilimpenda zaidi Cornelis Kiliaan. Alifanya kazi katika nyumba hii karibu miaka 50, sehemu kubwa kama msahihishaji. Wakati ule Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya watu wa maana. Kidachi, lugha ya mama zao, kilionekana lugha ya sokoni na ya jikoni. Kiliaan, mchana akisahihisha Kilatini cha wengine, akakusanya maneno ya Kidachi, maana zake, na mahali yanaposemwa. Kamusi yake ilitoka mwaka 1574, na ile iliyokomaa ikatoka 1599. Leo Kidachi kinafundishwa chuo kikuu, na wataalamu wake bado wanamtaja yule mtu wa dirishani.

Tujiulize bila kukasirika: sisi tunaosema kwamba Kiswahili chetu cha Kongo "si lugha ya kuandikia", nani amekaa dirishani akayakusanya maneno ya mafundi wetu?

Kwa nini nyumba hii ilibaki na zetu hazikubaki?

Jibu rahisi ni kusema wao ni matajiri. Ni kweli, lakini haitoshi. Antwerp ilikuwa na imprimeri nyingi, na karibu zote zimepotea. Hii ilibaki kwa sababu ninazoweza kuzitaja.

Kwanza, urithi haukugawanywa. Wakubwa wa ukoo waliamua karakana iende nzima kwa mrithi mmoja anayefaa, si kila mtoto na presi yake.

Pili, walikuwa na soko la hakika. Walipiga chapa vitabu vya ibada kwa ajili ya Uhispania na makoloni yake, wakatajirika hata hawakuhitaji kuuza vyombo vya zamani. Haki hiyo ilipokwisha mwaka 1764, kazi ikapungua pole pole. Kitabu cha mwisho kilitoka 1866.

Tatu, waliweka karatasi zao. Barua, bili, vitabu vya mishahara: fundi fulani alilipwa kiasi gani wiki fulani, nani alitozwa faini. Kwa ajili ya makaratasi hayo UNESCO iliiweka hazina hiyo katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2001, na mwaka 2005 nyumba ikaandikwa kwenye Urithi wa Dunia.

Nne, mtu alikubali kulipa. Mwaka 1876 Edward Moretus aliuza nyumba na vyote vilivyomo kwa mji wa Antwerp, kwa faranga 1,200,000. Na hapa tarehe zilinichoma. Septemba ya mwaka huo huo, Leopold wa pili alikuwa Brussels akiwapokea wanajiografia ili kuzungumzia Afrika ya kati. Museum ilifunguliwa Agosti 1877. Mwezi huo huo Stanley alifika Boma, mwisho wa safari yake ya kushuka mto wetu. Mji uliokuwa ukihifadhi hata misumari ya fundi wake ndio ambao bandari yake ilikuja kupokea pembe na mpira kutoka kwetu. Sisemi hivyo ili tukae tunalalamika. Ninasema ili tujue kwamba kuhifadhi ni uamuzi, na kwamba wale walioamua hivyo kwao hawakuamua hivyo kwetu. Hakuna atakayeamua kwa niaba yetu.

Hata bomu halikuimaliza. Januari 1945 roketi ya Wajerumani ilianguka kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba na kuiharibu vibaya. Wakaijenga tena, ikafunguliwa upya mwaka 1951.

Niliporudi

Nilirudi nyumbani bila zawadi kubwa. Nilikaa na baba mkubwa barazani siku tatu, nikamwomba msamaha ambao nilikuwa nimeukwepa tangu 2009. Alinisikiliza, kisha akasema: "Ulisoma?" Nikajibu nilisoma. "Basi andika."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza tena.

Tuliandika. Tulijaza kaye mbili. Ninamrekodi kwenye simu, kisha usiku ninaandika: namna ya kujua herufi kwa kuipapasa tu, mkato ulio ubavuni unaomwambia kidole upande wa juu ni upi, namna ya kufunga ukurasa kwa kamba usianguke, majina ya wenzake sita, wanne wameshakufa, kitabu cha kwanza alichokipanga, cha nyimbo za kanisa. Mafundi wa kwetu walichukua maneno ya Kifaransa na kuyafanya yao, kompostere, kase, galé, na mengine wakayatunga wenyewe wakiwa kazini. Hayo sikuyakuta katika kamusi yoyote niliyo nayo.

Kila mmoja wetu ana fundi kwenye parseli yake au jirani: mfua vyuma, mshonaji wa cherehani ya miguu, mjenzi wa mitumbwi, mfinyanzi, mtu wa redio za zamani. Huhitaji faranga milioni kuanza. Beba simu na kaye, umuulize: chombo hiki unakiitaje? Nani alikufundisha? Ni kosa gani mwanafunzi hulifanya kwanza? Usimkatize. Na ukikuta chombo chini ya kitanda, usikipime kwa kilo kabla hujauliza ni cha nini.

Kompostere sikuiuza, kwa sababu ni chuma, na wale wa nyavu walitaka risasi tu. Watoto wa nyumba walikuwa wanaitumia kama rula. Sasa iko mezani kwa baba mkubwa, imepakwa mafuta. Wiki iliyopita alimfundisha mjukuu wake namna ya kuishika: mkono wa kushoto, dole gumba ndani. Herufi za kuweka ndizo hazipo.